Uvivu wa Kiroho: Nani Mvivu Kati Yetu?



Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa usioonekana kwa kipimajoto wala kwa darubini ya maabara. Ni uvivu wa kiroho. Tulipokuwa wasichana katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, tulikaririshwa vile vichwa saba vya dhambi, na uvivu ulitajwa mwishoni. Labda ndiyo sababu wengi wetu tuliudhani kuwa mdogo kuliko wenzake. Tena tulidhani hautuhusu. Mwanamke wa huku kwetu Masasi na Newala, nani atamwita mvivu? Huamka kabla ya jogoo, hutafuta maji, huokota korosho mpaka mgongo ugome, hupika, huogesha watoto, na jioni bado ana kikao cha vikoba. Uvivu utapenya wapi?

Basi tuwasimulie jambo lililotupata. Tunalisimulia kwa aibu, maana wenye kosa ni sisi wenyewe.

Ulikuwa msimu wa korosho. Jumuiya yetu, huko juu ya uwanda wa Makonde, hukutana kila Jumamosi jioni, nyumba kwa nyumba. Tuna daftari la mahudhurio. Aliyekuja huwekewa alama ya vema, asiyekuja huwekewa alama ya kosa. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto wa miezi mitatu, alikuwa na makosa sita mfululizo. Katibu aliposoma jina lake, mmoja wetu akasema, "Huyo ni mvivu tu. Shambani haendi, jumuiya haji, hata mchango wa ujenzi hajatoa." Mwingine akaongeza kwamba tangu mumewe apate malipo ya kwanza ya korosho, mama huyo amevimba kichwa. Watu wakacheka. Nasi tuliosomea uuguzi tulikuwapo, tukacheka pamoja nao. Kisha tukasali rozari, tukaimba, tukapanga nani ataleta sukari Jumamosi ijayo, tukaenda zetu. Njiani mazungumzo yote yalikuwa juu ya bei ya mnada.

Wiki iliyofuata, siku ya kliniki ya watoto, alikuja bibi mmoja amembeba mjukuu. Tukamwamkia, akaitikia, akatupa kadi. Tulipoweka nukta ya uzito, mstari uliopaswa kupanda ulikuwa umeteremka.

"Bibi, mama wa mtoto yuko wapi?"

"Yupo nyumbani, wanangu. Mkwe wangu amekaa tu. Haongei. Mtoto akilia anamtazama kama mtoto wa jirani."

Tukasoma jina juu ya kadi. Alikuwa ni yule mwenye makosa sita.

Jioni ile ile tulikwenda. Tulimkuta amekaa mkekani uani, na nyuma ya nyumba korosho zimetapakaa chini ya miti, hazijaokotwa. Tulivuta kidogo ngozi ya chini ya jicho lake. Ndani, badala ya wekundu, palikuwa peupe. Tukamwuliza habari za usingizi. Halali. Habari za chakula. Hakina ladha. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Dada zangu, nikishika rozari naiona kama kamba ya kufungia mbuzi. Nadhani Mungu amenichoka."

Hospitalini alikutwa na upungufu mkubwa wa damu, na daktari akatueleza kwamba alikuwa pia na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito unaowapata baadhi ya akina mama baada ya kujifungua. Alianza matibabu. Mawifi zake wakagawana zamu ya maji na kuni, mumewe akajifunza kumbeba mtoto usiku, nasi tukawa tunapita kila baada ya siku mbili. Haikuwa kazi ya wiki moja. Lakini wakati wa Kwaresima alirudi jumuiyani, akakaa nyuma karibu na mlango, ananyonyesha. Baada ya sala alitusogelea akauliza, bila hasira yoyote, "Zile wiki nilizokuwa siji, mlikuwa mnaniombea?"

Akina mama, hatukuwa na jibu. Jina lake lilikuwamo katika daftari la mahudhurio. Katika maombi yetu halikuwamo hata siku moja.

Yule mama hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa. Wavivu tulikuwa sisi wenye alama za vema.

UVIVU HUU NI NINI HASA?

Ili tuuelewe ugonjwa huu, turudi nyuma kidogo, kwa watu wa kwanza walioupima kwa makini. Katika karne ya 4, huko jangwani Misri, waliishi wamonaki waliojitenga ili kusali na kufanya kazi za mikono. Mmoja wao, Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya mawazo mabaya yanayomsumbua mtu wa sala. Moja aliliita kwa Kigiriki akedia. Maana ya asili ya neno hilo ni kutojali.

Evagrius alisema pepo huyu huja hasa saa za adhuhuri. Mmonaki hulitazama jua, akaona kama halisogei. Huchungulia mlangoni kuona kama kuna mwenzake anayekuja kuzungumza. Huanza kuchukia chumba chake, kazi yake na hata ndugu anaoishi nao, akifikiri kwamba mahali pengine angempendeza Mungu kwa urahisi zaidi. Cassian, aliyeishi miongoni mwa wamonaki hao na baadaye akapeleka mafundisho yao katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliongeza jambo la kushangaza. Alisema pepo huyu anaweza hata kumtuma mmonaki kwenda kutembelea wagonjwa na jamaa. Hampeleki kwa upendo, anamtoa tu mahali alipopaswa kukaa na Mungu.

Mnaona ujanja wake? Uvivu wa kiroho si lazima umlaze mtu kitandani. Unaweza kumkimbiza huku na huku mchana kutwa, ana kitenge cha WAWATA kiunoni na daftari la michango mkononi, ilimradi asikae kimya mbele ya Mungu na asimtazame jirani usoni. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa tangu mwaka 590 hadi 604, aliipanga upya orodha ile ya wamonaki, na kutoka kwake tumepokea hesabu ya saba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 nayo inauweka uvivu wa kiroho kati ya dhambi dhidi ya upendo wa Mungu. Tuangalie hapo: ni dhambi dhidi ya upendo, si dhidi ya ratiba tu. Asiyejali ndiye mvivu, hata kama hajawahi kukosa kikao.

PIMA KWANZA KABLA YA KUTOA DAWA

Katika uuguzi tulifundishwa kwamba homa si malaria kila mara. Ukimpa kila mwenye homa dawa ya malaria, utawaua wengine. Vivyo hivyo, anayeshindwa kusali si mvivu kila mara. Kabla hatujamhukumu mwenzetu, au kujihukumu wenyewe, tupime mambo manne.

La kwanza ni uchovu. Mama aliyekesha na mtoto mgonjwa akisinzia katika rozari hana dhambi. Nabii Eliya alichoka mpaka akaomba afe, akalala chini ya mti jangwani. Mungu hakumkaripia. Alimpelekea malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, ndipo akamwonyesha safari. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, alikiri mwenyewe kwamba alikuwa akisinzia wakati wa sala, naye hakukata tamaa kwa ajili hiyo, kwa maana watoto hupendwa na wazazi wao wakilala kama wanavyopendwa wakiwa macho. Dawa ya uchovu ni usingizi, chakula, na mtu wa kupokea mzigo.

La pili ni ugonjwa. Mwenye upungufu wa damu huchoka kwa hatua chache, moyo humwenda mbio, kichwa humzunguka. Mama mjamzito au anayenyonyesha akiwa hivyo apelekwe akapimwe damu, na akipewa vidonge vya kuongeza damu avimeze mpaka viishe. Asivimeze kwa chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mabibo yetu, ambayo tunayaacha yaoze shambani, yana vitamini C kwa wingi na husaidia madini hayo kupokewa.

Kuhusu huzuni baada ya kujifungua, tujue kwamba machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi, nayo hupita yenyewe. Lakini yakizidi wiki mbili, mama akawa halali hata mtoto akilala, hafurahii kitu, anajiona hafai, hiyo ni sonona na inatibika. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba, duniani kote, karibu wanawake 13 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni karibu 20 kati ya 100. Hebu hesabuni akina mama wenye watoto wachanga katika jumuiya yenu. Na kama mama anasema anataka kufa, au anaogopa atamdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwambia "sali zaidi" bila kumpeleka kwa daktari ni kumpa jiwe anayeomba mkate.

La tatu ni ukavu. Kuna mtu mwenye afya, anayesali kila siku, lakini haonji utamu wowote. Mama Teresa wa Kalkuta alifariki mwaka 1997. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, dunia ilishangaa kusoma kwamba kwa miaka mingi sana alisali akiwa gizani, bila kuhisi uwepo wa Mungu. Hata hivyo aliendelea kuamka, kusali na kuwahudumia maskini. Huo si uvivu. Asiyehisi kitu na bado anakwenda, huyo anapenda kweli.

La nne ndilo uvivu wenyewe, nao una dalili zake. Tunapata saa mbili za kukaa na simu katika makundi ya WhatsApp, lakini dakika tano za sala na watoto hatuzioni. Huku vigangoni, ambako padre hawezi kufika kila Dominika, tunasikia kwamba leo ni katekista tu anayeongoza Ibada ya Neno, basi tunachukua kapu na kwenda shambani, kana kwamba Mungu husafiri kwa pikipiki ya padre. Tunajua kuna jirani tuliyekosana naye tangu mwaka jana, na kila Kwaresima tunasema tutakwenda. Tunaujua wajibu, tunao uwezo, lakini moyo unasema, "Si leo." Hapo tusitafute daktari. Tutafute kitubio.

DAWA YAKE NI KIDOGO KIDOGO, KWA SAA YAKE

Mkulima wa korosho anaijua dawa hii, ila hajaitambua kanisani. Majani mapya na maua yanapochipua, ubwiri unga huyavamia. Mkulima hasubiri maua yaungue ndipo apulize salfa. Hupuliza mapema, hurudia baada ya wiki mbili au tatu, na kurudia tena. Akipuliza gunia zima siku moja na kukaa, amepoteza salfa yake. Nasi tunafanya hivyo na roho zetu: novena moja kubwa tukiwa na shida, halafu kimya mpaka shida nyingine.

Mama wa Newala anajua na jambo la pili. Juu ya uwanda wetu maji ni ya shida, na bibi zetu waliteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Ndiyo maana wengi tuna visima vya kuvunia maji ya mvua nyumbani. Mvua ikinyesha, Desemba hadi Aprili, yasipokingwa maji hayo, Septemba hakuna cha kuchota. Sala ya siku za kawaida, tusizosikia shida wala raha kubwa, ndiyo maji tunayoyakinga. Siku ya msiba ndiyo Septemba.

Basi tufanyeje? Tunawapa mambo manne, machache makusudi.

Tuweke saa. Huku kwetu tunaishi na ndugu zetu Waislamu, na adhana ya alfajiri huwainua kitandani bila kujali kama usiku walichelewa. Sisi tunaisikia, tunavuta shuka. Lakini nasi tumeachiwa saa zetu: Malaika wa Bwana asubuhi, saa sita mchana na jioni. Tena iangalieni hiyo ya saa sita. Ndiyo saa ya yule pepo wa adhuhuri! Dakika mbili tu, jembe limesimama, sufuria iko jikoni, tumemkumbuka Mungu katikati ya jua kali. Wabenedikto waliofika Lukuledi mwaka 1895, na waliorudi kuanza upya Ndanda mwaka 1906 baada ya misheni zao kuharibiwa katika Vita vya Majimaji, walikuja na kanuni ya zamani ya Mtakatifu Benedikto inayoipa sala saa yake na kazi saa yake. Misheni haikujengwa upya kwa watu kungoja wajisikie kusali.

Tuanze na kidogo kisichoshindikana. Fumbo moja la rozari wakati ugali unaiva ni bora kuliko mafumbo yote tunayoyaahidi na kuyaacha. Haba na haba hujaza kibaba. Baba wa nyumba akisema amechoka, tusimgombeze mbele ya watoto. Tuanze na watoto, polepole naye atatoa kofia.

Tusali kwa majina. Kila usiku tumtaje mtu mmoja mbele ya Mungu kwa jina lake: aliyeacha kuja, tuliyekosana naye, aliyefiwa. Ni vigumu kuendelea kutomjali mtu unayemtaja kila siku.

Halafu twende kwake. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, huletewa. Asiyekuja jumuiyani naye asiulizwe kwa kutumiwa mtoto na ujumbe wa michango. Twende wenyewe, watu wawili, na uji wetu, tukae, tuulize habari za usingizi na za chakula kabla ya habari za sala. Maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi zetu za Afrika Mashariki, walipoziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa jambo la kwanza katika uchungaji mwaka 1976, walitaka Kanisa liwe karibu, la majirani wanaofahamiana. Kuhesabu nani hayupo, bila kumfuata, hata karani wa ghala anaweza.

Kwaresima ile tulifanya kitu kimoja katika daftari letu. Tulichora mstari wa pili pembeni ya mahudhurio, tukaandika juu yake: "Nani amekwenda kumwona?" Makosa mawili yakifuatana, pale pembeni lazima liwe na jina la mmoja wetu na tarehe. Hatuwezi kujisifu. Ziko kurasa ambazo mstari ule ni mtupu, hasa korosho zinapoanza kudondoka. Lakini sasa utupu huo tunauona, nao unatuuma, na yule mama kijana ndiye katibu. Akifika penye nafasi tupu husimama, hutuangalia mmoja mmoja, halafu huuliza, "Kesho anakwenda nani?"

Nasi tunawaachia swali hilo hilo, akina mama. Kabla hamjaifunga kurasa hii na kurudi jikoni, mkumbukeni mmoja ambaye hamjamwona siku nyingi kanisani. Mtajeni jina. Kesho anakwenda nani?

Mama yetu Bikira Maria, ambaye aliposikia habari ya Elizabeti aliondoka kwa haraka kwenda milimani kumtembelea, atuombee miguu isiyo mizito.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda. Tumsifu Yesu Kristo!